Ukienda Italia kufuata mbio za baiskeli, ogopa mteremko kuliko mlima

Wako madaktari wenzangu ambao, wakiulizwa na mtu wa miaka 45 kama anaweza kwenda likizo ya kuendesha baiskeli katika milima ya Italia, hutikisa kichwa hata kabla ya kumpima. Humwambia kwamba umri umekwenda, kwamba moyo si kitu cha kuchezea, na kwamba ikiwa ana fedha za nauli basi heri aende Malindi akapumzike. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Huyo anayeambiwa akapumzike amekwisha kupumzika miaka ishirini. Ameketi ofisini, ameketi garini katika msongamano wa Mombasa Road, kisha ameketi mbele ya televisheni akitazama wengine wakitokwa na jasho. Akija kwangu na hamu ya kupanda baiskeli, hiyo ni hamu ya kushukuriwa, na kazi yangu kama daktari ni kumsaidia aende na arudi salama.

Neno langu kwako, msomaji, ni kwamba mambo yanayowatia watu hofu katika safari kama hii siyo yanayostahili kuogopewa zaidi. Kila mtu huniuliza kuhusu kupanda mlima. Sikumbuki mtu yeyote aliyewahi kuniuliza kuhusu kushuka, wala kuhusu homa.

Kwa wale wasiozifahamu mbio zenyewe, huitwa Giro d'Italia. Zilianza tarehe 13 Mei 1909 mjini Milan, zikiandaliwa na gazeti la La Gazzetta dello Sport. Kwa kuwa gazeti hilo huchapishwa kwenye karatasi za rangi ya waridi, anayeongoza huvaa fulana ya waridi tangu mwaka wa 1931. Hushindaniwa kwa muda wa majuma matatu, aghalabu mwezi wa Mei, katika hatua 21. Uzuri wake ni kwamba barabarani hakuna kiingilio. Mtazamaji hupanda mlima asubuhi kwa baiskeli yake kabla polisi hawajaifunga barabara, hungoja kwa saa kadhaa pamoja na maelfu ya Waitaliano wanaokula na kuimba, huwaona waendeshaji wakipita mbele ya pua yake, kisha hushuka kurudi hotelini. Kesho yake huenda bonde lingine. Hiyo ndiyo likizo ninayoizungumzia.

Wakenya tuna sababu yetu ya kuzifuata mbio hizi. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka wa 1985, akajifunza kazi ya baiskeli kwa David Kinjah huko Kikuyu, na akaiwakilisha Kenya kabla ya kuhamia upande wa Uingereza mwaka wa 2008. Tarehe 25 Mei 2018, katika mlima wa Colle delle Finestre, aliwaacha wenzake zikiwa zimesalia kilomita 80 na akaenda peke yake hadi mwisho, ilhali asubuhi ya siku hiyo alikuwa nyuma ya kiongozi kwa zaidi ya dakika tatu. Siku mbili baadaye alivikwa ushindi wa Giro mjini Roma. Mtu huyu ana pumu, na mwaka wa 2010 alipatikana na kichocho, ugonjwa ambao wengi wetu tunaudhania kuwa wa watoto wanaooga mitoni. Kwa hiyo mgonjwa wa pumu asiniambie kwamba baiskeli si yake. Ninachomwomba ni atumie dawa yake ya kuvuta kila siku jinsi alivyoagizwa, na aiweke mfukoni wakati wa safari badala ya kuiacha ndani ya sanduku hotelini.

Tuanze na moyo, maana huko ndiko hofu iliko. Kupanda mlima kwa baiskeli kwa saa mbili mfululizo ni kazi kubwa, lakini ni kazi unayoweza kuipima. Ukichoka unapunguza mwendo, ukishindwa unasimama. Moyo ulio mzima na uliozoeshwa hauna neno. Mwenye kuhofiwa ni yule aliye na ugonjwa asioujua, na shinikizo la damu, kama nilivyokwisha kusema katika ukurasa huu, halipigi hodi. Basi miezi sita kabla ya safari nenda ukapimwe shinikizo la damu, sukari na mafuta katika damu. Ikiwa umepita miaka 40, fanyiwa pia kipimo cha umeme wa moyo. Ikiwa unavuta sigara, au una kisukari, au baba au ndugu yako alikufa ghafla angali kijana, mwombe daktari akupime moyo huku ukikimbia kwenye mashine, kwa maana moyo uliotulia kitandani unaweza kuficha mengi. Na ikiwa kifua hukubana unapopanda ngazi za ofisi kwa sababu lifti imeharibika, usikate tiketi kwanza. Njoo tuzungumze.

Wanaotumia dawa za shinikizo la damu nawaonya kwa namna ya pekee. Baadhi ya vidonge hivyo hufanya kazi kwa kukutoa maji kupitia mkojo. Ukivimeza kisha utoke jasho saa nne juani, unaweza kusimama kutoka kwenye baiskeli ukaona dunia inazunguka. Vingine huuzuia moyo usiende mbio, na mwenye kuvitumia atajiona mzito mlimani hata akijitahidi vipi. Hilo si kosa la miguu yake, wala si sababu ya kuziacha dawa kwa wiki mbili ili "awe mwepesi", kama nilivyosikia mtu akipanga kufanya. Dawa zinaweza kubadilishwa, lakini zibadilishwe na daktari, tena mapema, si wiki ya safari.

Mazoezi usiyafanye kwa pupa. Mkazi wa Nairobi anaweza kuanza ndani ya msitu wa Karura, kisha akaenda Ngong, akiongeza urefu wa safari kidogo kidogo. Barabara ya kutoka Mai Mahiu kupanda bondeni ina mwinuko mzuri lakini malori yake siyapendi. Aliye na nafasi ya kwenda Iten apande kutoka Bonde la Kerio kupitia Tambach, na akifika juu akiwa bado anaweza kuongea, milima mingi ya Italia haitamshangaza. Sisi wa nyanda za juu tuna bahati nyingine. Anayelala Iten analala katika mita zipatazo 2,400 juu ya bahari, na hata Nairobi inakaribia 1,800. Barabara ya Stelvio, ambayo ni miongoni mwa zilizo juu kabisa katika mbio hizo, hufika mita 2,758. Mtu wa Mombasa ndiye atakayehema zaidi, na yeye namshauri asipande mlima mrefu katika siku mbili za kwanza.

Juu ya upandaji wenyewe sina mengi ya kusema. Chagua gia nyepesi kuliko unavyofikiri unahitaji. Mlima wa Mortirolo, ukiupandia Mazzo, ni kilomita zipatazo 12 na nusu, na kwa kila mita 100 unazokwenda unapanda zaidi ya mita 10. Huko usione haya kushuka na kuisukuma baiskeli. Froome mwenyewe, akiwa na goti bovu, aliondolewa katika Giro ya mwaka wa 2010 kwa kushika pikipiki ya polisi huko huko Mortirolo, na miaka minane baadaye akaja kuwa bingwa. Aibu ya mlimani haidumu.

Sasa mteremko. Mwili unapopanda hutengeneza joto jingi, na jasho huilowesha fulana yako. Ukifika juu unasimama kungoja mbio. Huko juu kuna baridi kuliko bondeni, kwa takriban nyuzi sita au saba kwa kila mita 1,000 ulizopanda, na mwezi wa Mei theluji mara nyingi ingali imelala kando ya barabara. Unangoja saa tatu ukiwa na fulana iliyolowa. Jirani yako wa Kiitaliano, mtu mkarimu sana, anakukaribisha divai, na baada yake kinywaji kikali "cha kupasha mwili joto". Pombe haipashi mwili joto. Huifungua mishipa ya ngozi na kulitoa nje joto ulilokuwa umelihifadhi ndani, ndiyo maana unajisikia vizuri kwa dakika kumi. Kisha mbio zinapita, barabara inafunguliwa, na wewe unapanda baiskeli na kuteremka kwa kilomita 50 kwa saa huku miguu haifanyi kazi yoyote na upepo ukipita kifuani. Katika dakika ishirini vidole vinakufa ganzi. Vidole hivyo ndivyo vinavyoshika breki.

Nimesimama kando ya barabara hizo nikiwa na baiskeli ya kukodi, na nimewaona watu wazima, wenye miili ya kupendeza, wakishuka wakitetemeka hata baiskeli inatetemeka chini yao. Sio wageni pekee wanaopatwa na hali hii. Tarehe 5 Juni 1988, Giro ilipita juu ya mlima wa Gavia, zaidi ya mita 2,600, katikati ya dhoruba ya theluji. Mholanzi Johan van der Velde alifika kileleni wa kwanza akiwa na mikono mitupu ya fulana fupi. Alipoanza kuteremka baridi ilimshinda, ikambidi atafute hifadhi ili apate joto, na akamaliza siku hiyo akiwa amechelewa zaidi ya dakika 40. Mmarekani Andy Hampsten, ambaye timu yake ilikuwa imejiandaa kwa glovu, kofia na mavazi ya baridi, alitwaa fulana ya waridi siku hiyo na hatimaye akashinda Giro. Miguu ya wanaume hawa wawili haikutofautiana sana. Tofauti ilikuwa nguo.

Kwa hiyo mkoba wako wa mgongoni uwe na fulana kavu ya kubadilisha mara tu unapofika juu, kabla hujapiga picha, na uwe na jaketi la kuzuia upepo, glovu za vidole vizima na kofia nyembamba ya kuvaa chini ya kofia ngumu. Ukikosa jaketi, fanya kama walivyofanya waendeshaji wa zamani: tandaza kurasa za gazeti kifuani ndani ya fulana. Karatasi huzuia upepo vizuri mno. (Hata ukurasa huu utafaa, ukishamaliza kuusoma.) Na ukiona huwezi kukigusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, simama. Ingia mkahawani, kunywa kitu cha moto chenye sukari, ukae mpaka mikono iamke.

Baridi ni nusu tu ya hatari. Tarehe 9 Mei 2011, Mbelgiji Wouter Weylandt, kijana wa miaka 26 ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ameshinda hatua ya Giro, alianguka akiteremka Passo del Bocco na kufa. Alikuwa mtaalamu, amevaa kofia ngumu, na barabara ilikuwa imefungwa kwa ajili yake. Wewe utateremka barabara iliyo wazi, yenye magari ya watazamaji wanaorudi nyumbani, pikipiki, na waendesha baiskeli wengine waliokunywa ile divai. Tena wewe ni Mkenya. Umezoea kushika upande wa kushoto tangu utotoni, na Italia hushika wa kulia. Asubuhi utakumbuka. Lakini alasiri, ukiwa umechoka, ukitoka kwenye mkahawa ulio kando ya barabara au ukipinda kona kali isiyo na gari mbele yako, mwili utarudi wenyewe upande wa kushoto. Bandika karatasi yenye mshale kwenye usukani. Wanaokodi baiskeli pia wamwulize mwenye duka ni mkono upi unaoshika breki ya mbele, kwa maana huko huenda ukakuta ni wa kushoto, kinyume na ulivyozoea, na kuibana ya mbele kwa nguvu katika kona huku ukidhani ni ya nyuma ni njia ya haraka ya kufika hospitalini.

Kuhusu chakula, kula kabla hujasikia njaa. Ndizi moja au kipande cha mkate wenye jemu kila nusu saa au dakika arobaini kinatosha. Wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari wasitoke hotelini kabla ya kukubaliana na daktari wao kipimo cha siku za kupanda, kwa kuwa misuli inayofanya kazi hula sukari upesi na dawa ile ile ya siku ya ofisini inaweza kukuangusha. Maji yawe nusu lita kwa saa, zaidi kidogo kukiwa na jua kali. Anayekunywa maji matupu mengi mno kwa siku nzima huipunguza chumvi ya damu, na dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, ambazo watu hudhani ni za kukosa maji, wakazidi kunywa. Zile pakiti za chumvi na sukari tunazowapa watoto wanaohara ni bei rahisi na zinafaa kuliko nyingi za poda zinazouzwa kwa picha za wanaume wenye misuli. Vidonge vya maumivu aina ya ibuprofen usivimeze asubuhi "kwa tahadhari". Mwili uliopungukiwa maji pamoja na vidonge hivyo huweza kuziumiza figo. Na ukikutana na mtu anayekunong'oneza habari za sindano za kuongeza damu, mkumbuke Marco Pantani, bingwa wa mwaka wa 1998, aliyeondolewa mwaka wa 1999 akiwa anaongoza, zikiwa zimesalia siku mbili, kwa kuwa chembechembe nyekundu zilikuwa asilimia 52 ya damu yake ilhali kikomo kilikuwa 50. Kikomo hicho kiliwekwa pia kwa sababu ya afya: damu nzito huganda.

Bima utakuwa nayo, kwani viza ya Schengen hutaka bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Soma maandishi madogo uone kama inalipia ajali ya baiskeli na kubebwa kutoka mlimani. Namba ya dharura huko ni 112.

Limebaki jambo moja, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Sehemu ya juu kabisa ya kila Giro huitwa Cima Coppi tangu mwaka wa 1965, kwa heshima ya Fausto Coppi, aliyeshinda mbio hizo mara tano, ya kwanza mwaka wa 1940 akiwa na miaka 20 tu. Utaliona jina lake kila uendako. Wengi hawajui alivyokufa. Desemba 1959 alikwenda Upper Volta, nchi ambayo leo ni Burkina Faso, kushindana na kuwinda pamoja na wenzake. Yeye na Mfaransa Raphaël Géminiani walilala chumba kimoja na kuumwa na mbu wale wale. Waliporudi makwao wote wawili walipatwa na homa kali. Géminiani alipimwa damu huko Ufaransa, ikaonekana ni malaria, akapewa dawa. Coppi, mtu aliyekuwa na moyo na mapafu ya kushangaza madaktari, alitibiwa kama mgonjwa wa mafua na mapafu. Alikufa tarehe 2 Januari 1960, akiwa na miaka 40. Géminiani alikufa mwaka wa 2024, akiwa na miaka 99.

Shirika la Afya Duniani liliitangaza Italia kuwa haina malaria mwaka wa 1970. Daktari kijana utakayemkuta katika hospitali ya mji mdogo wa milimani huenda hajawahi kumtibu mgonjwa hata mmoja wa malaria. Atakuona mgeni uliyeloweshwa na mvua mlimani, unayetetemeka, mwenye maumivu ya viungo baada ya siku tano za baiskeli, na atakuwa na kila sababu ya kukwambia ni mafua na uchovu. Nawe utakuwa na kila sababu ya kumwamini. Lakini wiki mbili kabla ya safari ulikwenda Kisumu kuaga wazazi, au Busia kwenye mazishi, au ulipita Kilifi kwa siku mbili. Malaria ile kali ya kwetu huchukua kwa kawaida siku saba hadi mwezi mmoja kujitokeza, na wakati mwingine zaidi.

Homa yoyote ikikupata huko, au ukirudi, usingoje ipite na usikubali kupewa dawa za mafua kabla damu haijapimwa. Kama kipimo cha kwanza hakionyeshi kitu na homa ingalipo, dai kipimwe tena siku inayofuata. Andika maneno haya kwenye karatasi sasa hivi, uiweke ndani ya pasipoti, na umwonyeshe daktari kabla hajakuuliza lolote: "Vengo dal Kenya. Potrebbe essere malaria."